Kazi ya Afya ya Mifugo: Je, Karo Yake Inarudi?

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, mazungumzo ya barazani hapa Mjambere, Mtopanga na Bamburi huwa ni yale yale. Mtoto amepata alama za wastani, si za kumfikisha kwenye udaktari wa binadamu wala uhandisi, na si za kumwacha nyumbani. Mjomba anasema apelekwe ualimu. Shangazi anasema uuguzi. Kisha anatokea mmoja anauliza: kwani hii kozi ya afya ya mifugo ikoje? Ina pesa?

Swali hilo linastahili jibu la hesabu, kwa sababu linagusa pesa za watu. Kuna mama atakayeuza bangili zake, kuna baba atakayekata kipande cha shamba Mwakirunge au Kilifi, na kuna kijana atakayetumia miaka miwili, mitatu au minne ya ujana wake. Makala haya yanaeleza kozi hiyo ni ipi, kazi yake iko wapi huku kwetu, gharama zake ni zipi, na mapato yanatoka wapi. Ukimaliza kusoma, keti na kalamu ufanye hesabu ya nyumba yako mwenyewe.

Ngazi za kazi yenyewe

Mitaani kwetu yeyote anayemdunga ng'ombe sindano huitwa daktari. Kisheria sivyo. Kenya ina Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wasaidizi wao ya mwaka 2011, na Bodi ya Mifugo ya Kenya, inayojulikana kwa ufupi kama KVB, ndiyo inayosajili watu wa kazi hii na kuidhinisha vyuo vinavyowafunza.

Ngazi ya juu ni daktari wa mifugo kamili, aliyesoma digrii ya miaka mitano. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha digrii hiyo katika bewa lake la Kabete. Chini yake wako wasaidizi wa fani: mwenye cheti, mwenye diploma, na siku hizi pia mwenye digrii ya afya ya mifugo, ambayo si digrii ya udaktari. Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Kijana akimaliza digrii ya afya ya mifugo ya miaka minne, bado hajawa daktari wa mifugo. Ni msaidizi wa fani mwenye elimu ya juu. Hilo si dharau, lakini ni vyema mzazi alijue kabla ya kulipa karo ya mhula wa kwanza, asije akangoja daktari miaka minne halafu akaletewa kitu kingine.

Vyuo vya serikali vilivyojenga jina katika fani hii ni vile vinavyoitwa AHITI, na viko vitatu: Kabete, Ndomba kule Kirinyaga, na Nyahururu. Vyote viko bara. Wapo pia wanaofunzwa kwenye vyuo vikuu na taasisi za ufundi. Kwa mkaguzi wa nyama, kuna Taasisi ya Mafunzo ya Nyama iliyoko Athi River. Upande wa pili wa mpaka, Tanzania ina wakala wake wa mafunzo ya mifugo, LITA, na mojawapo ya kampasi zake iko Buhuri, Tanga, ambako mtoto wa Pwani hatajihisi mgeni wa lugha wala wa chakula.

Kazi iko wapi huku kwetu?

Watu husema Mombasa ni mji wa bandari na hoteli, mifugo ni ya bara. Tazama vizuri. Kuku wako karibu kila uani kuanzia Kisauni hadi Likoni. Mbuzi wanarandaranda mpaka barabarani. Ng'ombe wa maziwa wanafugwa kwenye vibanda vya kufungia ndani, Mwakirunge, Mtwapa na kuendelea hadi Kilifi na Kwale. Punda wanavuta mikokoteni ya maji. Na nyama tunayokula inaingia kila siku kwa malori, kutoka Tana River, Taita Taveta na kaskazini. Kule Kongowea kuna mahali panaitwa Uwanja wa Mbuzi, na jina lenyewe linatosha kukueleza. Kibarani, Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, imekuwa na kituo chake cha Mombasa kwa miaka mingi. Mariakani kuna maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo inayohudumia ukanda huu.

Magonjwa nayo yapo. Joto na unyevu wa Pwani ni raha kwa kupe na wadudu. Ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe wa kizungu kwa siku chache, kwa Kiingereza umepewa jina la pwani yetu hii: ulipoingia kusini mwa Afrika mwaka 1901 na 1902, uliletwa na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Shimba Hills bado kuna mbung'o wanaoeneza ugonjwa wa nagana. Kideri huingia mtaani na kufagia kuku wote wa mtaa ndani ya wiki. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu, na Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa kikomo cha kukitokomeza kile kinachoenezwa na mbwa.

Tena kuna biashara ya ng'ambo. Mwaka 2000 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika na visiwa vyake. Nchi za Ghuba zikafunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na Saudi Arabia haikufungua tena mpaka mwaka 2009. Miaka yote hiyo, wafugaji na wachuuzi walijifunza kwamba mnyama asiye na karatasi ya afya hana soko, hata awe mnono vipi. Karatasi hiyo inaanzia kwa mtu wa afya ya mifugo.

Kwa hivyo kazi ipo. Lakini kuwepo kazi ya kufanywa na kuwepo mtu wa kukulipa mshahara ni mambo mawili tofauti.

Kwa nini serikali haiajiri kama zamani

Mzee aliyesoma fani hii miaka ya sabini atakwambia alitoka chuoni moja kwa moja akakabidhiwa kazi na pikipiki. Ni kweli. Wakati huo serikali ilitibu mifugo, ikaendesha majosho na kupandisha ng'ombe kwa bei nafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia ya 1990, kwa shinikizo la mageuzi ya uchumi, serikali ilijitoa kwenye matibabu, majosho yakaachiwa wananchi, na ajira ya moja kwa moja kwa wanaohitimu ikakatika.

Katiba ya 2010 ikabadilisha mambo tena. Huduma za mifugo, udhibiti wa magonjwa na machinjio yakawekwa chini ya kaunti, huku sera na usajili wa wataalamu vikibaki kwa serikali kuu. Maana yake kwa kijana wa Mjambere ni kwamba mwajiri wake wa kwanza wa serikali ni Kaunti ya Mombasa, Kilifi au Kwale, na kaunti huajiri pale bajeti inaporuhusu, mara nyingine kwa kandarasi. Kuna mwaka nafasi zinatangazwa, kuna mwaka hazitangazwi. Usijenge hesabu ya nyumba juu ya tangazo ambalo halijatoka.

Waajiri wengine ni mashamba ya kuku na ya maziwa, machinjio, kampuni za dawa na chakula cha mifugo, mashirika ya hisani, na maduka ya dawa za mifugo, yale tunayoyaita agrovet. Kule Lamu, shirika la Donkey Sanctuary limekuwa likitibu punda tangu mwaka 1987. Na mwajiri wa mwisho, ambaye ndiye wa wengi, ni kijana mwenyewe.

Gharama: usihesabu karo peke yake

Mzazi akiuliza gharama hutajiwa karo, na karo ni sehemu tu. Andika mambo sita: karo, malazi na chakula, nauli, vifaa, usajili, na mapato ambayo kijana angepata kama asingekwenda chuo. La sita halitolewi mfukoni, lakini ni gharama kamili. Miaka minne chuoni ni miaka minne ambayo hakuleta chochote nyumbani.

Tufanye mfano. Namba zifuatazo nimezipanga kwa ajili ya hesabu, si bei ya chuo chochote. Ondoa zangu, weka za chuo unachokitaka.

Tuseme karo ya cheti au diploma ni shilingi 60,000 kwa mwaka, na ya digrii ni 120,000. Malazi na chakula ni 8,000 kwa mwezi, miezi kumi kwa mwaka. Safari ni tatu za kwenda na kurudi kila mwaka. Tiketi ya SGR ya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, kwa hivyo hiyo peke yake ni 9,000 kwa mwaka kabla ya matatu za kuendelea mbele. Vifaa, yaani ovaroli, buti za mpira, sanduku la baridi, sindano na vitabu, pamoja na ada za usajili, tuviwekee 30,000. Na kibarua ambacho kijana angefanya hapa mjini tukipe 8,000 kwa mwezi.

Cheti cha miaka miwili: karo 120,000, kuishi 160,000, nauli 18,000, vifaa 30,000. Jumla 328,000. Ongeza kibarua kilichoachwa cha miezi 24, yaani 192,000. Gharama kamili ni 520,000.

Diploma ya miaka mitatu: karo 180,000, kuishi 240,000, nauli 27,000, vifaa 30,000. Jumla 477,000. Ongeza kibarua 288,000. Gharama kamili ni 765,000.

Digrii ya miaka minne: karo 480,000, kuishi 320,000, nauli 36,000, vifaa 30,000. Jumla 866,000. Ongeza kibarua 384,000. Gharama kamili ni 1,250,000.

Ona jinsi karo ya cheti, ile 120,000, ilivyo chini ya robo ya gharama kamili. Mzazi aliyejiandaa kwa karo tu hukwama mwaka wa pili, na mtoto hurudi nyumbani bila cheti.

Mapato: miezi mingapi mpaka pesa zirudi?

Sasa upande wa pili. Tuseme, kwa mfano ule ule, mwenye cheti anabaki na 18,000 kwa mwezi baada ya makato, mwenye diploma 25,000, na mwenye digrii 35,000. Kumbuka tunazungumzia kinachobaki. Mshahara wa 30,000 hukatwa 825 za SHIF, ambayo ni asilimia 2.75, na 450 za nyumba, ambayo ni asilimia 1.5, kisha NSSF na kodi ya mapato. Tangazo la kazi halikuonyeshi hayo.

Usigawe gharama kwa mshahara wote, kwa sababu kibarua cha 8,000 angekuwa nacho hata bila chuo. Gawa kwa kile kilichoongezeka. Mwenye cheti ameongeza 10,000 kwa mwezi: gharama yake inarudi kwa miezi 52. Mwenye diploma ameongeza 17,000: miezi 45. Mwenye digrii ameongeza 27,000: miezi 46 na ushei.

Wengi watashangaa hapo. Diploma na digrii zinakaribiana sana, ingawa moja imegharimu karibu nusu milioni zaidi. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja: mwenye digrii alipwe kama mwenye digrii. Kazi nyingi za uwandani, kuchanja, kutibu, kupandisha, kukagua, zinafanywa vizuri na mwenye diploma, na mwajiri hana sababu ya kulipa zaidi. Mwenye digrii akikubali mshahara wa diploma, ule wa 25,000, gharama yake itarudi kwa miezi 74. Hiyo ni zaidi ya miaka sita.

Kisha kuna kungoja kazi. Kila mwezi wa kungoja unasukuma hesabu mbele mwezi mzima. Akikaa miaka miwili akifanya kibarua kile kile huku bahasha za barua za kazi zikiisha, ongeza miezi 24. Mwenye diploma wa miezi 45 anakuwa wa miezi 69.

Hesabu hiyo inatupa funzo moja kubwa: jina la cheti lina uzito mdogo kuliko vitu viwili, yaani muda unaopita kabla ya kuanza kulipwa, na kama anayelipa anakihitaji kweli kile ulichosomea.

Kujiajiri: pesa iko kwenye kawaida, si kwenye dharura

Kijana asiyeajiriwa anaweza kutoa huduma mwenyewe, mradi amesajiliwa na KVB na anafanya kazi chini ya uelekezi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Akitaka kufungua agrovet, kuna kibali chake pia, kinachotolewa na idara inayosimamia dawa za mifugo, iliyoundwa chini ya sheria ile ile ya 2011.

Tuchukue mwezi mmoja wa kijana anayeanza hapa Kisauni, tena kwa namba za mfano. Amechanja kuku 600 kwa shilingi 15 kila mmoja: 9,000. Ameitwa mara 30 kutazama mbuzi, ng'ombe au punda kwa 500: 15,000. Jumla 24,000. Toa dawa na chanjo 7,000, mafuta ya pikipiki 5,000, na wale waliosema "nitakutumia jioni" wasitume, 3,000. Amebaki na 9,000. Hiyo ni shilingi 1,000 tu juu ya kibarua. Amesomea miaka mitatu.

Sasa mwezi wa kijana mwingine mwenye wateja wale wale, ila ameongeza mambo mawili. Amekubaliana na mashamba mawili ya ng'ombe wa maziwa kuyazuru kila wiki kwa 3,000 kwa mwezi kila moja: 6,000. Na amepata mafunzo na kibali cha uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa kwenye baridi kali. Kenya ina kituo chake cha mbegu hizo kule Kabete, kilichoanza mwaka 1946. Akipandisha ng'ombe wanane na kubaki na 800 kwa kila mmoja baada ya gharama, ni 6,400. Mwezi wake unafika 21,400.

Tofauti ya vijana hawa wawili si elimu. Wa kwanza anasubiri mnyama augue. Wa pili analipwa mnyama akiwa mzima. Mfugaji anayeitwa kulipa siku ambayo ng'ombe amelala chini ana machungu, na huenda ng'ombe afe na deni lifie hapo. Mfugaji anayelipa kidogo kila mwezi ili ng'ombe asiugue hulalamika mara chache.

Chanjo ya kuku ina siri yake pia. Chupa moja ya chanjo ya kideri huwa na dozi nyingi, mia na zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa wiki ijayo. Mama mwenye kuku wanane hawezi kuinunua peke yake. Lakini kijana akipanga nyumba kumi na mbili za mtaa mmoja, asubuhi moja, chupa inaisha na kila mtu analipa kidogo. Akirudi baada ya miezi mitatu au minne, kama dozi inavyotaka, tayari ana daftari la wateja. Kazi hii inawafaa sana mabanati, kwa kuwa wenye kuku wengi ni kina mama, na mlango wa uani hufunguka upesi kwa mwanamke mwenziwe.

Msimu wa Idd-ul-Adh'ha nao una kazi yake. Mnyama wa udhiya hutakiwa awe na umri uliotimia na asiwe na aibu: si kipofu, si kiwete, si mgonjwa dhahiri, si aliyekonda hata hana mafuta. Anayejua kusoma meno ya mbuzi na kutambua ugonjwa ni mtu wa kuhitajika sana wiki hiyo, na misikiti au vikundi vinavyonunua mbuzi kwa wingi vingefanya vyema kumlipa mmoja awatazamie.

Jambo moja la amana. Mapato ya haraka katika kazi hii ni kuuza dawa. Kuna anayedunga kila mnyama antibiotiki, awe anaihitaji au la, kisha asimwambie mwenye ng'ombe kwamba maziwa yasiuzwe mpaka siku kadhaa zipite. Maziwa hayo yanarudi kwenye chai ya mtoto wako. Anayejenga jina kwa njia hiyo hulibomoa kwa njia hiyo hiyo, na Bodi ina uwezo wa kumwita.

Karo itoke wapi?

Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi. Mkopo wake wa kawaida una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa 120,000, nyongeza ya mwaka wa kwanza ni 4,800. Asiyelipa muda ukifika hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi, na faini hiyo inaweza kuumiza kuliko deni lenyewe.

Kwa Muislamu asilimia 4 si namba tu, ni suala la riba, na familia nyingi za Pwani huukwepa mkopo huo kwa sababu hiyo. Basi zianze mapema kwenye milango mingine: basari ya NG-CDF ya eneo bunge, basari ya kaunti kupitia wadi, na kamati za zaka za misikiti. Kamati nyingi huona fahari kumsomesha daktari au mwanasheria. Kwa pesa zinazomaliza digrii moja, zingeweza kumaliza watu wawili wenye cheti, na hao wangerudi mtaani baada ya miaka miwili. Anayekwenda kuomba aende na barua ya kuitwa chuoni na karatasi ya hesabu kamili kama tuliyofanya hapo juu. Anayesaidia hupenda kuona mwisho wa njia.

Suala la mbwa

Wazazi wengine huogopa fani hii kwa sababu ya mbwa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Pwani, aliyeguswa na unyevu wa mbwa ana utaratibu wake wa kujitwahirisha, kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo. Ni taabu, lakini ina njia, na glavu na ovaroli zinapunguza mengi. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Na sote tunaijua hadithi ya aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa. Kumchanja mbwa mmoja dhidi ya kichaa ni kumlinda mtoto anayepita uchochoroni kwenda madrasa. Chuoni mwanafunzi hatakwepa kujifunza mbwa, lakini kazini anaweza kuchagua kuku, mbuzi na ng'ombe.

Na ng'ambo je?

Wapo wanaotazama mbele zaidi. Marekani, mafundi wa afya ya wanyama walikuwa na mshahara wa kati wa dola 43,740 kwa mwaka, kwa takwimu za serikali yao za Mei 2023. Inasikika nyingi, lakini kule huhesabiwa kuwa mshahara wa chini ukilinganisha na gharama ya maisha, na majimbo mengi hutaka mtu awe amesoma chuo kilichoidhinishwa na afaulu mtihani wao wa taifa. Cheti cha Kenya pekee hakifungui mlango huo. Ghuba kuna ngamia, farasi na vipanga. Abu Dhabi ina hospitali ya vipanga tangu 1999. Nafasi hizo hutaka uzoefu wa miaka. Ng'ambo iwe ziada baada ya kusimama hapa, isiwe sababu ya kulipa karo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, je, chuo hiki na kozi hii imeidhinishwa na KVB? Usiulize chuo, uliza Bodi. Kuna vyuo vyenye jengo zuri na brosha ya rangi ambavyo mwanafunzi wake hawezi kusajiliwa, na kufanya kazi hii bila usajili ni kosa la jinai. Hata aliyesoma Tanga aulize swali hili kabla ya kuvuka Lungalunga.

Pili, alama za kijana zinatosha kwa ngazi ipi ya usajili, si kwa kupokewa chuoni tu?

Tatu, mazoezi ya kazini atafanyia wapi? Akiweza, ayafanye Mombasa, Kilifi au Kwale, ili amalize akiwa anajulikana na wateja wake wa kesho.

Nne, je, anaweza kuanza na cheti au diploma, afanye kazi, kisha apande ngazi kwa pesa zake? Kwa familia isiyo na akiba, hiyo ndiyo njia yenye hatari ndogo: ikikwama, imekwama kwenye laki tatu, si kwenye milioni.

Tano, kijana mwenyewe anapenda wanyama? Mfugaji wa Mwakirunge ambaye ng'ombe wake anazaa saa nane za usiku, na ndama amekaa vibaya, hajali umesoma wapi. Anataka mtu atakayepokea simu.

Kwa jibu fupi: karo inarudi kwa aliyesoma chuo kilichoidhinishwa, akachagua ngazi inayolingana na mfuko wa nyumbani, na akaanza kutafuta wateja kabla ya kumaliza. Kwa aliyefuata jina la digrii na kungoja tangazo la kaunti, inachelewa sana, na wengine hairudi. Wazazi wenye barua za kuitwa chuoni mkononi, fanyeni hesabu hii wiki hii, kabla ya tarehe ya kuripoti.

Wabillahi tawfiq.